Land Rover 109 haifi ikifunguliwa, hufa ikifungwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua. Tangu tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, shauku ya kufufua 109 za wazee, zile ndefu zenye inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, imepanda. Ukipita vichochoroni hukosi kuona chesi iliyovuliwa bodi imelazwa juu ya mawe, na injini pembeni chini ya turubai. Kufungua ni kazi ya wikiendi mbili kwa vijana wawili wenye spana. Kufunga ndiko kunakoua gari. Vipande huanza sebuleni, vikahamia stoo, vikatoka stoo kwenda chini ya mwembe, na siku moja mnunuzi wa chuma chakavu anabisha hodi na mizani yake.

Vitabu vya warsha vinachangia, kwa ile sentensi yao fupi kwamba kufunga ni kinyume cha kufungua. Kwa Land Rover si kweli. Bodi yake ni mabamba ya alumini yaliyoshikana kwa boliti, na kila bamba linapata nafasi yake kutoka kwa jirani. Siku ya kufungua, kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake miaka 40. Siku ya kufunga, hakuna kipande kinachojua mahali pake. Anayekaza cha kwanza kabla ya kushika cha pili amejifunga mwenyewe.

Nazungumzia 109 ya petroli ya toleo la Series III yenye usukani wa kulia, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa kuwa bado zipo nyingi. Series II inafanana nayo kwa mengi, lakini si kwa yote.

Kwanza boliti. Gari hili kwa sehemu kubwa ni la inchi, uzi wa UNF (uzi laini wa inchi), na maduka yetu ya spea yamejaa boliti za milimita. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo kwa macho huwezi kuitofautisha na M8, yaani boliti ya milimita 8. Lakini UNF yake ina nyuzi 24 kwa inchi, M8 ina kama 20. Nati ya M8 itapanda mizunguko miwili mitatu kisha ikwame. Kijana atadhani ni rangi, ataongeza nguvu, na uzi utasagika. Nati ya 5/16 inataka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ukiipa ya 13 inacheza kidogo, na kwenye nati yenye kutu kidogo hicho kinatosha kula pembe. Kila kundi la boliti liwekwe kwenye mfuko wake na karatasi iliyoandikwa zilikotoka, siyo kopo moja la rangi kwa gari zima.

Chesi ikishachomelewa na kupigwa rangi, hakikisha matundu ya kutolea maji upande wa chini hayakuzibwa. Chesi hii ni boksi, nayo huoza kutokea ndani. Pima pia pembe kwa pembe kwa futi, kulia kwenda kushoto na kinyume chake. Namba mbili zikitofautiana sana, rudi kwa mchomeleaji sasa, maana hakuna shimu, kile kibamba chembamba cha kujazia pengo, itakayokuokoa mbele ya safari.

Springi ndipo wengi wanapoteleza. Ya upande wa dereva imekunjwa zaidi kuliko ya upande wa abiria, kwa sababu dereva, usukani na tangi la petroli chini ya kiti vyote viko kulia. Zilaze chini sambamba kabla ya kufunga, uone ipi ina tumbo kubwa. Ukizibadilisha gari litainama, na utalaumu chesi. Bushi zake ni mpira ulioshikamana na bomba mbili za chuma, moja ndani na moja nje. Ziingizwe kwa presi au vaisi, si kwa nyundo. Kisha pitisha boliti za shakeli, vile vishikizo vya mwisho wa springi, weka nati, uziache zimelegea. Zitakazwa siku gari litakaposimama kwa magurudumu yake na injini, giaboksi na bodi vikiwa juu yake. Boliti ikikazwa hubana bomba la ndani, na kuanzia hapo springi hucheza kwa kuusokota mpira. Ukikaza gari likiwa kwenye stendi, springi ikiwa imening'inia, mpira utakuwa umesokotwa muda wote gari likiwa chini. Gari litakaa juu kama mbuzi aliyeshtuka, litarusha abiria, na bushi mpya zitapasuka mapema. Kisha utasikia kwamba bushi za siku hizi ni feki. Nyingine kweli ni feki, lakini nyingi zimeuawa na spana.

Ekseli ikiwa bado nje, angalia yale matufe ya kromu ya magurudumu ya mbele. Kromu ikishatoboka kwa kutu, sili mpya itakatwa na grisi itavuja tena. Hapo badilisha tufe. Beringi za magurudumu zisikazwe kwa hisia za mkono. Zinataka mchezo wa milimita 0.10 hadi 0.15 zikipimwa kwa saa ya kupimia, ndipo ukunje washa ya kufuli na kukaza nati ya pili, kisha upime tena, kwa sababu nati ya pili husogeza ya kwanza. Difu nayo ina mtego. 109 nyingi za Series III zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, inayochukua oili lita 2.5, wakati ekseli ya kawaida ya Rover huchukua lita 1.75. Aliyezoea 88, ile Land Rover fupi, akijaza kwa mazoea, ya nyuma itabaki na kiu. Propela shafti ifungwe uma wa mwisho mmoja ukiwa kwenye usawa mmoja na uma wa mwisho wa pili. Ikipishana jino moja tu, gari litatetemeka na utahangaika kubalansi magurudumu bure.

Mabomba ya breki yapite kabla ya bodi kurudi. Ndani ya mfumo weka mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 peke yake. Tone la oili ya stelingi linavimbisha mipira yote, kuanzia silinda kubwa hadi za magurudumu. Baada ya kutoa upepo, sikiliza kanyagio. Likiwa laini kama sponji, upepo bado umo. Likiwa gumu lakini linashuka chini sana, usitoe upepo tena, kasogeze viatu vya breki karibu na dramu kwa zile nati za nyuma ya gurudumu. Watu humaliza chupa tatu za mafuta wakitafuta upepo usiokuwapo.

Injini ya lita 2.25, sentimita za ujazo 2,286, ni mvumilivu, ila ina sehemu yake ya kulipiza kisasi. Kifuniko cha beringi kuu ya nyuma kina sili mbili za ubavuni zenye umbo la T. Ncha zake zisikatwe sawa na chuma. Ziachwe zimechomoza milimita 0.8 ili sampu, bakuli la oili la chini, ikikazwa izibane. Ukizikata sawasawa, oili itashuka kwenye nyumba ya flaiwili na klachi itateleza. Chini ya nyumba hiyo kuna tundu lenye uzi. Kizibo chake hufungwa tu ukienda kuvuka mto, kisha hutolewa. Wengi hukikuta kwenye mfuko wa boliti, wakadhani kimesahaulika, wakakifunga moja kwa moja. Oili kidogo iliyopaswa kudondoka chini inabaki kuoga na klachi.

Silinda hedi ikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, mpaka ratili-futi 65 kwa boliti kubwa za nusu inchi, sawa na nyutoni-mita 88. Mwanya wa tepeti ni milimita 0.25 kwa valvu zote, za kuingiza na za kutoa. Mwanya wa platini ni milimita 0.35 hadi 0.40. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Oili ni kama lita 6, ongeza karibu lita moja kwa filta mpya. Kabla ya kuwasha, toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Beringi mpya hazipendi kukimbia kavu hata sekunde kumi.

Wakati wa kuunganisha giaboksi na injini, diski ya klachi iwe imewekwa katikati kwa shafti ya mfano. Hata kipande cha mbao kilichochongwa vizuri kinafaa. Giaboksi ikikataa kuingia sentimita mbili za mwisho, diski haiko katikati. Usiivute kwa boliti! Kuivuta hivyo hupinda diski au kupasua sikio la nyumba ya klachi. Itoe uanze upya.

Sasa bodi, na hapa subira ndiyo zana. Anza na ukuta wa mbele, ule unaobeba dashibodi, kanyagio na bawaba za milango. Usimamishe, pitisha boliti za miguu yake, usikaze. Weka bodi ya nyuma, usikaze. Unganisha boksi la viti na vizingiti vya pembeni. Tundika milango. Mlango ndio kipimo chako kuliko futi. Ukiona pengo la nyuma ya mlango limepanuka juu na kubana chini, na mlango umeinuka kwa nyuma, ukuta wa mbele umeegemea mbele. Legeza mihimili yake, uurudishe nyuma taratibu, tia shimu panapohitaji, ufunge mlango tena. Kazi hii inaweza kula siku nzima, na siku hiyo haipotei. Milango ikifunga kwa kidole, leta fremu ya kioo, kisha paa. Paa ni hakimu mkali: mashimo yake yakikataa kukutana na ya chini, kosa liko chini. Anayechukua drili kutoboa mashimo mapya ameamua gari livuje kila masika. Paneli ya rejeta na madigadi ya mbele huja mwishoni kabisa, na hapo ndipo unapozunguka gari na kukaza kila kitu, miguu ya ukuta wa mbele kwanza.

Kwa hiyo rangi ya mwisho haiwezi kutangulia. Najua wenye magari wanapenda kuona mabamba yanang'aa mapema, na mafundi wengine wanawapa hicho ili malipo yatoke. Funga bodi yote mara moja ikiwa na praima, hakikisha milango inafunga, ifungue, ipige rangi, uifunge tena. Ni kazi mara mbili, lakini ni nafuu kuliko kupaka rangi mara mbili.

Palipo na alumini inayogusa chuma, weka kitu kati: mkanda wa mpira, silanti, au angalau rangi pande zote mbili. Bodi ya alumini ilichaguliwa 1948 kwa kuwa Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na waliounda gari hawakudhani watu watalitunza miaka 70. Alumini na chuma vikilowa pamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe kwenye ukingo wa mlango ndio ushahidi. Kwa wenzetu wa Tanga, Mombasa na Unguja, chumvi ya hewani inaharakisha. Boliti za stenlesi peke yake si dawa, maana zenyewe zinabaki nzuri huku shimo linalozizunguka likipanuka.

Umeme una ugonjwa mmoja mkubwa baada ya ufufuaji: athi, yaani pale waya unapoungana na chuma cha gari. Rangi mpya haipitishi umeme. Taa zinawaka hafifu, indiketa zinapepesa zote kwa pamoja, geji zinadanganya. Kwangua rangi chini ya kila athi mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Usisahau ule mkanda mnene unaounganisha injini au giaboksi na chesi. Ukikosekana, umeme wa stata utatafuta njia kupitia waya wa choki, na waya huo utaanza kutoa moshi mkononi mwako. Series III ina hasi kwenye athi. Nyingi za kabla ya 1967 zilikuwa na chanya. Anayehamisha alteneta kwenda gari la zamani bila kugeuza betri ataichoma kabla hajafika getini.

Likishuka chini na uzito wake wote, lisukume mbele na nyuma mita chache springi zikae, kisha kaza zile boliti za shakeli zilizosubiri. Nati za magurudumu ni ratili-futi 75 hadi 85. Baada ya kilomita 80 za kwanza zikaze tena, pamoja na yu-boliti za springi na boliti za propela shafti. Silinda hedi nayo irudiwe injini ikiwa imepoa, na tepeti zipimwe upya, kwa sababu gasketi mpya hulala kidogo na kubadilisha kipimo. Kile kizibo cha nyumba ya klachi kiwekwe kwenye boksi la zana, ndani ya mfuko wake wenye karatasi.

Fundi na msomaji wenu,
Ngaramtoni, Arusha