Walipwe, lakini wasome na watibiwe

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba tangu vijana wa vyuo vikuu vya Marekani waanze kulipwa, futiboli yao, ile ya Kimarekani ya kubeba mpira mikononi, imekufa, imebaki biashara ya usajili. Ameandika kwa uchungu, na uchungu huo naujua. Mimi ni mnazi wa Ohio State, timu ya chuo kikuu cha jimbo la Ohio, tangu mwaka 1999, nilipofika hapa Columbus nikitokea Tanga. Ila lawama zake ameziangushia vijana, na hapo siwezi kunyamaza.

Kwa walioko nyumbani, niwape picha kidogo. Uwanja wetu ulifunguliwa mwaka 1922, una umbo la kiatu cha farasi, na unachukua watu 102,780. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000, basi ongeza nusu yake na zaidi. Watu wote hao huamka alfajiri ya Jumamosi, wanavaa nyekundu, wanakwenda kuwaangalia wanafunzi wa miaka 19 na 20. Watani wetu wa jadi ni Michigan. Ukitaka kuelewa, fikiria Simba na Yanga, halafu waweke kwenye majimbo mawili jirani na uwape dabi moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa Novemba. Wiki ya mechi hiyo, kila herufi M kwenye mabango ya chuo hubandikwa utepe mwekundu wa alama ya X. Mwaka wa kwanza nilidhani ni matengenezo. Sasa nikimwona mwanafunzi amepanda ngazi na utepe mkononi, moyo unanienda mbio.

Novemba 30, 2024 nilikuwa uwanjani, tukafungwa na Michigan pointi 13 kwa 10, nyumbani kwetu, mwaka wa nne mfululizo. Nilitembea hadi kwenye gari bila kusema neno. Siku 51 baadaye, Januari 20, 2025, vijana walewale walichukua ubingwa wa taifa mjini Atlanta kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23. Kwotabeki wetu, yule ambaye kila mpira unaanzia mikononi mwake, alikuwa Will Howard, aliyehamia kwetu kutoka Kansas State mwaka mmoja tu kabla. Mchezaji wa kusajiliwa, kama anavyosema mwandishi wenu. Sikumpenda pungufu hata chembe, na sijaona mtu Columbus aliyempenda pungufu.

Anayesema fedha zimeingia juzi, hakuwa anaangalia. Fedha zilikuwapo siku zote, ila mlango wa kwa wachezaji ndio ulikuwa umefungwa. Mwaka 2010 nilimnunulia binti yangu jezi namba 2 ya Ohio State. Mgongoni hapakuwa na jina, kwa sababu jina la mchezaji lilikuwa haliruhusiwi kuuzwa, namba tu. Na mji mzima ulijua namba 2 ni Terrelle Pryor. Duka lilipata chake, kiwanda kilipata chake, chuo kilipata chake, mwenye namba hakupata hata senti. Desemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba yeye na wenzake wanne wamefungiwa mechi tano. Kosa lao? Waliuza pete zao za ubingwa, jezi zao, na vile vidani vidogo vya umbo la suruali vya dhahabu ambavyo wachezaji wetu hupewa wakiifunga Michigan, na wengine walichorwa tatuu kwa bei nafuu. Waliuza vitu vilivyokuwa vyao. Mei 2011 kocha Jim Tressel akajiuzulu kwa sababu alijua na hakusema, na ushindi wa msimu wote wa 2010 ukafutwa kwenye vitabu. Binti yangu aliniuliza kama jezi yake nayo inarudishwa dukani. Sikuwa na jibu la kumpa, na nilianza kuutazama mchezo huu kwa jicho jingine kuanzia pale.

Hata hilo jina la mwanafunzi-mwanamichezo, ambalo watu hulitamka kama sala, lina historia yake. Mwaka 1955 kijana mmoja, Ray Dennison, aliumia kichwa akiichezea Fort Lewis A&M ya Colorado na akafariki. Mjane wake alidai fidia kama ambavyo mjane wa mfanyakazi yeyote hudai. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo ilimkatalia. Ni katika miaka hiyo ndipo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliposhikilia jina hilo kwa nguvu ili mchezaji asije akaitwa mwajiriwa, na Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho tangu 1951 hadi 1988, alikuja kukiri hivyo mwenyewe uzeeni.

Basi mlango ulipofunguka, haukufunguliwa kwa huruma. Ulifunguliwa na mahakama. Juni 2021 majaji tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani, wote kwa sauti moja, waliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu manufaa ya masomo ambayo chama kiliwazuia wachezaji kupewa. Julai 1 mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao. Kisha Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House: dola bilioni 2.8 za kuwafidia waliocheza miaka ya nyuma, zilipwe kwa miaka 10, na kila chuo kinachotaka kiruhusiwe kugawa kwa wachezaji wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Hilo ni deni limelipwa kwa kuchelewa. Sioni la kulilia hapo.

Ninalolia mimi ni jingine, na ningetamani mwandishi wenu alilie pamoja nami. Katika kelele hizi za mamilioni, ile ahadi ya kwanza aliyopewa mzazi, kwamba mwanao atasoma, imesahaulika. Na ilianza kuvunjwa zamani, kabla ya malipo.

Sisi Waswahili lingetuuma zaidi ya wengine. Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill, kwa miaka 18 kuanzia 1993, kilikuwa na kozi za hewa katika idara iliyofundisha masomo ya Afrika. Hakuna kuingia darasani, hakuna mwalimu, unaandika insha moja mwisho wa muhula na unapewa alama za juu. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuta wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita humo, karibu nusu yao wanamichezo. Na Kiswahili kilikuwamo. Mwanafunzi aliyetakiwa kujifunza lugha yetu aliruhusiwa kuandika kwa Kiingereza juu ya utamaduni wa Waswahili, ikahesabiwa kuwa amefaulu Kiswahili. Mhariri, nilisoma habari hiyo mara mbili. Lugha niliyolelewa nayo, ambayo kijana mwenye asili ya Afrika angeweza kuipenda kwa dhati kama angefundishwa, ilifanywa kichaka cha kumfichia mchezaji ili Jumamosi awepo uwanjani. Mwaka 2017 NCAA ikasema haiwezi kuadhibu, kwa kuwa kozi zile zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Wale waliouza suruali za dhahabu walifungiwa mechi tano. Walioiba masomo ya vijana elfu tatu hawakufungiwa hata moja.

Naomba nieleze jambo la karibu zaidi. Jirani yangu ni dada mmoja kutoka Uvira, Kongo. Kijana wake ni mkubwa wa umbo, mpole, akichukua nafasi ya mstari wa mbele wa ulinzi, na mwaka 2017 alipata ufadhili wa chuo kimoja cha jimbo jingine, si kikubwa kama Ohio State. Tulimfanyia sherehe, tukala pilau na sombe. Alitaka kusomea uuguzi. Akaambiwa maabara za uuguzi ni mchana, na mchana ni mazoezi, achague kozi nyingine. Sheria inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, lakini safari hazihesabiwi, wala saa za kukandwa misuli. Akachagua waliyomchagulia. Machipuko ya 2019 akavunjika goti mazoezini. Kocha aliyemleta alikuwa ameshaondoka, kocha mpya akamwambia hana mpango naye, na ufadhili wake, uliokuwa ukitolewa mwaka hadi mwaka, haukuendelezwa.

Mama yake alikuja kwangu jioni na bahasha ya barua za hospitali. “Kaka, unisomee hii. Wanasema nani atalipa?” Bima ya familia ndiyo ilitangulia, na kabla haijalipa chochote ilitaka familia itoe ya kwake mfukoni. Nilimsomea ukurasa baada ya ukurasa pale jikoni, naye akishika kila karatasi kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Kijana alikaa kimya, mguu umenyooshwa juu ya kiti, barafu imeyeyuka inadondoka sakafuni.

Siku hizi kuna sheria, tangu Agosti 2024, kwamba chuo cha daraja la juu kigharimie matibabu ya jeraha la mchezo kwa angalau miaka 2 baada ya kijana kuacha kucheza. Ni hatua nzuri, na naishukuru. Lakini goti halina kalenda. Mtu aliyeumia akiwa na miaka 20 atalisikia akiwa na 45. Kama kuna dola zaidi ya milioni 20 za kugawa kwa mwaka, kuna fedha za magoti. Na kijana akitaka kurudi kumaliza digrii, hata baada ya miaka 10, ada iwe imeshalipwa na jasho lake. Iandikwe kwenye mkataba, iwe na nguvu kisheria, isibaki maneno matamu ya kocha akiwa amekaa sebuleni kwa mzazi.

Nina wasiwasi pia juu ya safari. Tangu 2024 UCLA ya Los Angeles iko ligi moja na Rutgers ya New Jersey, ile Rutgers iliyocheza na Princeton mechi ya kwanza kabisa ya futiboli ya vyuo mwaka 1869. Bahari hadi bahari. Wachezaji wa futiboli husafiri mara chache kwa msimu. Wale wa voliboli na mpira wa kikapu wanapita humo katikati ya wiki, na Jumatatu wana mtihani. Walioamua hivyo walikuwa wanahesabu fedha za televisheni.

Na wakimbiaji wetu je? Futiboli ndiyo inayolipia riadha katika vyuo vingi, na kupitia mlango huo walipita Suleiman Nyambui, aliyekuwa mkimbiaji wa chuo cha El Paso, Texas, na kuipa Tanzania medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Sasa vyuo kadhaa vimeshafuta timu za kuogelea na tenisi vikisema bajeti imebana. Kijana wa Iten au wa Arusha anayeota kuja huku, viza yake ya mwanafunzi inamminya asiweze kufanya kazi kama wenzake, na timu yake ndiyo ya kwanza kuwekwa mezani ikatwe. Hilo linaniumiza kuliko kocha gani amemsajili nani kwa milioni ngapi.

Wiki ileile ya fainali ya Atlanta, yule kijana wa jirani alikuja nyumbani na kompyuta yake. Ana miaka 26 sasa, anapakia mizigo ghalani zamu ya usiku, na akipanda ngazi anashika ukuta. Makubaliano ya House, ambayo wakati huo yalikuwa bado yakisubiri idhini ya mwisho ya jaji, yanawahusu waliocheza tangu 2016, hivyo tulikaa mezani tukajaza fomu ya madai: jina, chuo, miaka aliyocheza. Hajui atapata kiasi gani. Tulipomaliza aliniuliza kama naifahamu ada ya muhula mmoja wa uuguzi katika chuo cha jamii hapa Columbus. Tukaitafuta. Akaiandika nyuma ya bahasha, akaikunja, akaitia mfukoni.

Wako,
Mnazi wa Ohio State
Columbus, Ohio