MA ya Mwalimu Nyerere ilikuwa shahada ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Oktoba 14, magazetini, redioni na kwenye hotuba za shuleni huku kwetu Mtwara hurudiwa maneno yaleyale: kwamba mwaka 1952 Mwalimu Julius Nyerere alipata "shahada ya uzamili" katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Si kweli. Kosa limezaliwa na herufi mbili tu, MA (kifupi cha Master of Arts, jina ambalo kwingi ni la shahada ya uzamili), na linawapotosha hata vijana wanaotafuta nafasi za masomo nje.

Katika vyuo vikuu vinne vikongwe vya Uskoti, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, MA ndiyo shahada ya kwanza ya fani za sanaa na nyingi za jamii. Anayesoma historia au falsafa pale huhitimu na MA, kama mwenzake wa Dar es Salaam anavyohitimu na BA. Anayesoma fizikia hupata BSc kama kwingineko.

Asili yake ni ya kale. St Andrews ilipata hati ya Papa mwaka 1413, Glasgow 1451, Aberdeen 1495. Edinburgh ikaja baadaye kwa hati ya Mfalme James VI ya mwaka 1582, na yenyewe ililelewa na baraza la mji, si askofu. Zama hizo kilele cha fani za sanaa kilikuwa cheo cha "magister", yaani mtu aliyeiva kiasi cha kufundisha wengine, na BA ilikuwa kituo cha njiani. Walioingia walikuwa watoto kwa hesabu zetu: mwanauchumi Adam Smith alianza Glasgow mwaka 1737 akiwa na miaka 14. Karne ya 19 Waskoti wakaiacha BA, MA ikabaki peke yake. Oxford na Cambridge walifuata njia nyingine: mhitimu hupewa BA, kisha baada ya miaka kadhaa huipandisha kuwa MA bila kufanya mtihani wowote. Herufi ni zilezile, lakini uzito wake haulingani.

Turudi kwa Mwalimu. Alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa na stashahada ya ualimu ya Makerere, bila shahada mkononi. Akasoma miaka mitatu. Huo ndio muda wa MA ya kawaida, ambayo humtaka mwanafunzi achukue masomo mengi kwa upana. MA ya heshima huchukua miaka minne na huzamia somo moja au mawili. Miongoni mwa masomo yake yalikuwemo uchumi, historia, anthropolojia ya jamii, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Hili la mwisho lisipitwe haraka. Falsafa ilikuwa nguzo ya MA ya Uskoti kwa karne nyingi, na huyo Adam Smith tunayemjua kwa uchumi alikuwa profesa wa falsafa ya maadili pale Glasgow tangu 1752. Kwa maoni yangu, mchanganyiko huo ulimfaa Mwalimu kuliko shahada ya somo moja, na kuuita uzamili ni kuuficha.

Sasa kwa kijana wa Masasi au Newala ambaye ada yake inategemea malipo ya korosho. Tuseme ana BA ya historia tayari, anataka uzamili, anatafuta "MA History" Edinburgh. Ukurasa utakaomfungukia ni wa shahada ya kwanza ya miaka minne, na mwanafunzi wa kutoka nje hulipa ada kila mwaka. Anachokitaka yeye kwa kawaida huitwa MSc (Master of Science) pale Edinburgh, hata kwa historia. St Andrews na Glasgow atakuta pia uzamili uitwao MLitt (Master of Letters). Huo ni mwaka mmoja kamili wa miezi 12, wenye kredi 180, na 60 kati ya hizo ni za tasnifu. MA ya heshima ina kredi 480, yaani 120 kwa kila mwaka.

Kuna njia nyepesi ya kutofautisha. Ukiona maombi yanapitia UCAS, mfumo wa udahili wa Uingereza unaoruhusu machaguo yasiyozidi matano, hiyo ni shahada ya kwanza. Uzamili kwa kawaida huombwa chuoni moja kwa moja. Tazama pia ngazi ya masomo kwenye mfumo wa sifa wa Uskoti: shahada ya heshima huishia ngazi ya 10, uzamili ni ngazi ya 11.

Aliyekwisha kuhitimu MA ya aina hiyo naye awe mwangalifu. Akijaza "uzamili" kwenye wasifu wa kuombea kazi, kisha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ikaitambua kama shahada ya kwanza, mwajiri ataona udanganyifu mahali ambapo palikuwa na tafsiri mbaya tu.

Naomba basi Oktoba ijayo gazeti lako liandike hivi: "Mwalimu alihitimu shahada ya kwanza, MA, Chuo Kikuu cha Edinburgh, 1952."

Mdau wa elimu,
Shangani, Mtwara