Wiki mbili hazimfundishi askari lugha

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mara moja, lakini habari yenu ya juma lililopita kuhusu mafunzo ya lugha kwa askari wanaokwenda kulinda amani imenikosesha usingizi. Aliyehojiwa alidai kwamba wiki mbili zinatosha, eti kwa kuwa huko Kongo Kiswahili kinatumika. Ni kweli kwamba vijana wetu walioingia mashariki mwa Kongo mwaka 2013 na brigedi ya Umoja wa Mataifa waliweza kuzungumza na mama wa Goma wakaelewana. Jamhuri ya Afrika ya Kati, hata hivyo, watu huzungumza Kisango, na ofisini Kifaransa; na Darfur, nilikokwenda mimi, ni Kiarabu cha Sudan na Kifur.

Naomba nieleze kisa ambacho sijamsimulia hata mke wangu. Tulikuwa doria, na mkalimani wetu alikuwa amechukuliwa na msafara mwingine. Mzee mmoja, kanzu yake imegeuka rangi ya vumbi, alisimama mbele ya gari akiongoza punda aliyempakia mtoto wa miaka kama sita, akawa anarudia maneno yale yale: "Mafi moya, mafi moya." Sikio langu la Kiswahili likasikia "moja". Nikainua kidole kimoja kumwuliza, naye akaniangalia tu. Nikampa mtoto pakiti moja ya biskuti, tukaondoka nikiwa nimeridhika kwamba nimetenda wema. Jioni, kambini, mkalimani alinieleza kwamba "mafi" ni hakuna na "moya" ni maji. Nyuma ya gari letu kulikuwa na madumu manne yaliyojaa. Biskuti kavu, Ndugu Mhariri, nilimpa mtoto mwenye kiu, na mpaka leo nikiona mtoto anakinga maji bombani hapa Uyole ninamwona yule wa juu ya punda, midomo imepasuka, ameishika ile pakiti kwa mikono miwili.

Sisi Waswahili tuna mtego wetu. Kwa kuwa tunasema kitabu, wakati na habari, maneno yaliyotoka Kiarabu, askari hudhani kwamba Kiarabu amekwishakifikia nusu, na kumbe anachoambiwa na mtu mwenye shida hakielewi hata kidogo. Wamarekani hawajidanganyi hivyo. Shule ya lugha ya jeshi lao, ambayo leo iko Monterey, California, ilianzia San Francisco Novemba 1941, katika banda la ndege, wanafunzi 60 wakifundishwa Kijapani na Wamarekani wenye asili ya Japani. Siku hizi anayesoma Kifaransa hukaa wiki 36, na anayesoma Kiarabu wiki 64, siku tano kwa juma, kutwa nzima darasani, na jioni bado ana kazi ya kufanya bwenini.

Ugonjwa huu wa njia ya mkato umeenea hata uraiani. Mpwa wangu, ambaye anatamani sana kuingia jeshini, alilipia chuo kimoja hapa mjini masomo ya Kifaransa ya wiki sita, kwa fedha za viazi vya mama yake. Alirudi na cheti chenye muhuri mwekundu na daftari la maneno aliyonakili ubaoni: meza, kiti, dirisha. Nilimtafutia taarifa ya habari ya Kifaransa redioni, na mtoto wa watu hakuambulia kitu baada ya salamu, kwa sababu katika wiki zote sita hakuwahi kusikilizishwa mtu anayezungumza kwa kasi ya kawaida.

Ninapendekeza kwamba kila kikosi kinachojiandaa kuondoka kitoe askari 10, wakae wiki 36 mahali penye utulivu kama huku Rungwe, wafundishwe na mzawa wa Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, au wa Darfur, na mezani Kiswahili kisisikike. Mtihani wa mwisho usiwe wa kuandika. Askari asimame barabarani kando ya gari, aje mzee mwenye lafudhi nzito pamoja na mtoto, aseme haja yake kwa kasi yake mwenyewe, mara moja tu. Askari asiyeshusha dumu la maji arudishwe darasani.

Askari mstaafu,
Uyole, Mbeya.