Wanakikundi, Jumamosi tupo, na neno kidogo kwa mliostaafu juzi

Habari za asubuhi wapendwa, poleni na baridi, mi mwenzenu naandika nikiwa ndani ya blanketi. Jana mmoja wetu kanipigia saa 5 usiku, eti tangu astaafu anaamka saa 11 alfajiri, anavaa viatu, anafunga na kamba kabisa, ndo anakumbuka hana pa kwenda. Nikacheka halafu nikanyamaza, maana mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napanda daladala kutoka Uyole mpaka Kabwe, hapa hapa Mbeya, nashuka, nanunua gazeti, narudi nyumbani basi.

Sasa jamani kiinua mgongo msikikimbize, mara bajaji mara fuso la kubebea viazi, tulieni kwanza hata miezi 6. Wenye parachichi huko Rungwe mnajua, mche wa kubebeshwa, yaani ulioungwa kikonyo cha mti mwingine, unakaa kama miaka 3 ndo uanze kukupa kitu, hapo katikati mnapanda maharage mnakula. Na mama zetu mliofiwa, mkija mkakaa kimya tu ni sawa, chai ipo.

Saa 4 asubuhi kwangu. Kila mtu na kikombe chake, vyangu vimebaki vitatu na sijui nani kaondoka navyo 😂