Mja mzito anayetapika hadeki, apimwe uzani mapema

Mhariri,

Kliniki za wajawazito hapa Mombasa hujaa wanawake wa miezi minne, mitano na kuendelea. Anayekuja na mimba ya miezi miwili ni nadra, na sababu twaijua sote: mimba changa haitangazwi, jicho huogopewa, na tumbo bado halijaonekana. Lakini kichefuchefu cha mimba huanza kati ya wiki ya nne na ya sita, hufika kilele karibu na wiki ya tisa, na kwa walio wengi huwa kimetulia kati ya wiki ya 16 na ya 20. Siku mbaya kabisa humpata mwanamke kabla hajapewa kitabu cha Mama na Mtoto, wakati hata jirani hajui kwamba ana mimba. Anapofika kliniki, uzani wa siku hiyo huandikwa kana kwamba ndio wa kuanzia, kumbe kilo kadhaa zishapotea na hakuna aliyezihesabu.

Ombi letu la kwanza basi ni dogo. Siku kipimo kinapoonyesha mistari miwili, mwanamke apande mizani siku iyo hiyo, iwe ni ya duka la dawa au ya kijana anayepima watu kando ya barabara, na aiandike nambari hiyo. Akipoteza asilimia 5 ya uzani wake, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, hapo si mambo ya kawaida ya mimba tena. Ni ugonjwa wenye jina, haipaemesisi, na huwapata wachache, hawafiki wanne katika kila mia. Asingoje mizani akiona maji hayakai tumboni kwa saa 24, mkojo umekuwa kama chai ya mkandaa au hajakojoa kwa saa nane, kizunguzungu kinamwangusha akisimama, au anatapika damu. Katika joto la kaskazi mwili hukauka upesi zaidi. Na kwa kuwa tuko Pwani, kutapika pamoja na homa kusihesabiwe kuwa mimba mpaka malaria na maambukizi ya njia ya mkojo yapimwe. Kutapika kunakoanza baada ya mwezi wa tatu nako kuna sababu nyingine, itafutwe.

Majumbani maneno ni yale yale: anadeka, mimba imemkataa mume, mbona sisi tulizaa na hatukulala kitandani. Hata Ulaya, katika karne iliyopita, wapo madaktari walioamini kwamba mwanamke hutapika kwa sababu moyoni hamtaki mtoto. Desemba 2023 watafiti, wakiwemo Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Cambridge, walichapisha ushahidi kuhusu homoni iitwayo GDF15. Wakati wa mimba kondo huitoa kwa wingi, nayo huenda moja kwa moja kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu. Aliyekuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndiye huumia zaidi inapopanda ghafla. Mume hahusiki, wala deka.

Nyumbani, ale kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, kipande cha mkate au biskuti, kisha akae robo saa. Baada ya hapo ale kidogo kidogo kila saa mbili bila kungoja njaa, maana tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Chakula na kinywaji visiende pamoja. Apitishe nusu saa katikati. Chakula baridi hakina harufu kali, na harufu ndiyo adui: samaki wa kukaangwa, kitunguu kikiungua, udi, moshi wa magari kwenye foleni ya feri. Mwingine apike. Tangawizi huwasaidia baadhi ya wenye kichefuchefu chepesi. Kwa anayetapika mpaka nyongo, tangawizi haitoshi, na kumlazimisha ni kumtesa. Maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, anywe kijiko kimoja kila dakika tano, si glasi nzima kwa pumzi moja. Pakiti isipokuwepo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari. Vidonge vya kliniki vyenye madini ya chuma na foliki asidi huwachafua wengi tumbo. Asivitupe kimyakimya, amwambie mkunga, apewe foliki asidi peke yake mpaka kutapika kupungue. Na Ramadhani ikiingia, sheria imempa ruhusa mja mzito anayejihofia nafsi yake au mtoto kula na kulipa baadaye, kwa hiyo mama mkwe asimwonee haya kwa majirani.

Hospitalini kosa tunaloliogopa zaidi ni chupa ya glukosi kutangulia. Akiba ya vitamini B1, yaani thayamini, mwilini ni ya wiki chache tu. Mwanamke aliyetapika wiki tatu huenda hana kitu, na glukosi huimaliza ile kidogo iliyobaki. Matokeo yake ni ubongo kuumia: macho yanachezacheza, mwendo unayumba, akili inavurugika, na huenda hali hiyo isirudi nyuma. Apewe thayamini kwanza, miligramu 100, kisha dripu ya maji ya chumvi, na potasiamu kulingana na kipimo cha damu. Kosa la pili ni kumtundikia dripu moja na kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Baada ya siku mbili atakuwa pale pale. Aondoke na dawa ya kuzuia kutapika. Vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, huwa ndiyo ya kuanzia, pamoja na doksilamini inapopatikana. Metoklopramidi, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, isizidi siku tano, na isimamishwe mara moja shingo au taya ikijipinda. Hofu ya dawa katika mimba ilitokana na maafa ya miaka ya 1957 hadi 1961 ya thalidomaidi, dawa iliyowalemaza watoto tumboni, na ina haki yake, lakini mama kukauka maji na kukosa chakula si salama zaidi kwa mtoto.

Sasa moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 16 katika kila 100 hupata matatizo ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, wakiwa na mimba, na karibu 20 baada ya kujifungua. Anayetapika kwa miezi yumo hatarini zaidi. Ugumu ni kwamba kukosa hamu ya chakula, usingizi na nguvu ni dalili za maradhi yote mawili, kwa hiyo aulizwe habari za moyo: katika wiki mbili hizi, umekuwa mnyonge au umekata tamaa? Mambo uliyokuwa ukiyapenda yamekutoka? Aulizwe faraghani, mama mkwe akiwa nje. Wapo walioitamani mimba kwa miaka, wakaja kutamani iishe leo. Huko si kumchukia mtoto, na mkunga asikunje uso akiambiwa. Aulizwe pia kama amefikiria kujidhuru; kumwuliza hakumpi wazo hilo, na akikubali, asiachwe peke yake na aonwe siku hiyo hiyo. Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Anayetumia dawa za sonona au kifafa asiziache ghafla kwa sababu ameona mistari miwili. Aende kwa daktari wiki hiyo, hasa aliye kwenye valproeti, dawa ya kifafa ambayo huweza kumlemaza mtoto.

Arobaini yetu ni kinga njema: mzazi hupikiwa, hukandwa, hulelewa mtoto. Lakini mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000 hupatwa na wazimu wa uzazi, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo: halali kabisa, anasikia sauti, anasema mambo yasiyoshikana kuhusu mtoto. Watu hudhani ni jini. Dua isomwe, lakini isomwe ndani ya gari likielekea hospitali, na mtoto ashikwe na mtu mwingine.

Wakunga,
Kisauni, Mombasa