KUH: NDURURU YA 1936 ILIYOUZWA KAMA KASORO YA KIWANDANI

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bi,

Mwezi uliopita niliagiza kwenu ndururu, yaani senti tano ya Afrika Mashariki, ya 1936, ile yenye tundu katikati na jina la Mfalme Edward VIII wa Uingereza. Tangazo lenu lilisema ukingo wake ulimegeka kiwandani kabla ya sarafu kupigwa chapa, na kwa sababu hiyo mkaiuza kwa bei iliyo mbali sana na ya ndururu za kawaida za mwaka huo. Nimeichunguza kwa lenzi. Imetiwa tupa.

Visahani vya sarafu, yaani vipande vya mviringo ambavyo bado havijapigwa chapa, hukatwa kutoka kwenye bamba. Mashine ikikatia mahali palipokwisha kukatwa, kisahani hutoka na pengo, kisha hupita kwenye mashine ya kuinua ukingo, ambayo hukibana pande mbili zinazotazamana. Penye pengo hakuna cha kubana, kwa hiyo upande wa mkabala nao huinuka kwa udhaifu. Sarafu mliyoniletea ina ukingo mzima, imara, mkabala kabisa na pengo. Najua dalili hiyo haionekani kila mara, na kwa sababu hiyo peke yake nisingewaandikia.

Lakini tazameni herufi. Kisahani chenye pengo kikipigwa chapa, madini husukumika kuelekea penye nafasi, na herufi za karibu hufifia au kuvutika. Zenu zimekatwa katikati, safi, kama mkate. Ndani ya pengo kuna mikwaruzo sambamba, na madini yake yanang'aa wekundu ilhali sehemu nyingine yote imekolea rangi ya kahawia ya miaka mingi. Ikiwa pengo lilizaliwa pamoja na sarafu, mbona halikuzeeka nayo?

Mhudumu wenu aliniambia kwa simu kwamba sarafu iliyokosa kipande ni kasoro, haijalishi kipande kilitokea wapi. Kwa wakusanyaji, hilo ndilo jambo lenyewe. Kosa la mashine huongeza thamani. Mkono wa mtu baada ya hapo huiondoa. Na inasikitisha zaidi kwa sababu Edward VIII hakumaliza hata mwaka mmoja kitini. Ndururu yake ikiwa nzima, kwa bei ya haki, ningeinunua bila kusita.

Naomba mnirudishie fedha zote nilizolipa kwa M-Pesa, pamoja na gharama ya kuirudisha sarafu, ndani ya siku 14. Pia ondoeni maneno "kasoro ya kiwandani" kwenye tangazo la senti kumi yenye tundu la pili. Kwenye picha yenu wenyewe kingo za tundu hilo zimeinuka kama zilizotobolewa kwa keekee. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, nami nitaitumia msiponijibu.

Picha sita za karibu nimeziambatisha.

Wenu,
Mteja