Risala ya Chama cha Sanaa kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maonyesho

Mgeni wetu wa heshima, Bi. Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Jogoo ili uwe nasi leo. Muhula huu tulisoma maisha ya msanii mmoja tu, Corita Kent, na kazi unazoziona ukutani zimetokana naye.

Corita alizaliwa Fort Dodge, Iowa, Marekani, mwaka 1918. Mwaka 1936 aliingia utawani, baadaye akafundisha sanaa katika Chuo cha Immaculate Heart, Los Angeles. Mwaka 1962 aliona picha za mikebe ya supu za msanii Mmarekani Andy Warhol, na supamaketi ikawa ghala lake. Mwaka huohuo alichukua madoa ya rangi ya karatasi ya mkate wa Wonder, akabakiza miduara 12 basi. Ukitazama vizuri utaona hostia, ile mikate myembamba ya Komunyo. Picha hiyo ilituzulia ubishi mkali chamani. Wapo waliosema hata mtoto wa chekechea angeichora. Sisi tulioandika risala hii hatukubali.

Alichapisha kwa skrini. Kitambaa chepesi hukazwa kwenye fremu, pasipotakiwa rangi huzibwa, kisha rangi husukumwa kwa kibao chenye ukingo wa raba ipenye kitambaa hadi kwenye karatasi. Ndio ufundi wa wachapishaji fulana hapa mjini. Aliupenda kwa kuwa nakala hutoka nyingi, na mtu wa kawaida aweza kununua.

Askofu Mkuu wa Los Angeles hakupendezwa na kazi zake. Mwaka 1968 Corita aliacha utawa akahamia Boston, na mwaka 1971 mistari yake ya upinde wa mvua ikapakwa kwenye tangi kubwa la gesi huko. Alifariki mwaka 1986.

Nasi tumechota kwetu: pakiti za unga, maandishi ya matatu, mabango ya vinyozi. Skrini tunazo mbili, moja imechanika, na rangi tunachangishana. Hayo tutayamudu.

Ombi letu ni moja. Tangi la maji lililo nyuma ya bwalo, lile linaloonekana kutoka barabarani, limeshika kutu. Tunataka kulichora. Mwalimu Mkuu hana pingamizi bodi ikiridhia, nawe ni mjumbe wa bodi; tafadhali tusemee. Mchoro wa awali uko mezani pako. Manjano ya upande wa juu bado tunaibishania.

Asante.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.